Mafuta Huja Mwisho

Kifurushi kililetwa Jumanne, theluji ikiwa imefika ngazi ya pili ya baraza. Rollie, mpeleka barua wetu, kwa kawaida huacha kila kitu kwenye sanduku la barabarani. Siku hiyo alikanyaga theluji mpaka mlangoni, akagonga kwa buti.

"Verlene, kimeandikwa kisiachwe kwenye baridi. Umeagiza nini, kuku?"

"Ngozi, Rollie. Aliyekituma ana wasiwasi tu."

"Na hii harufu? Siku moja nitakuja nikukute umejibandika kwenye kiti na gundi zako."

"Ukinikuta hivyo usinibandue. Niletee kahawa."

Akacheka, akashuka ngazi kwa uangalifu. Nilisimama mlangoni mpaka gari lake lilipokata kona, muda mrefu kuliko ulivyohitajika kwa mtu aliyeleta kifurushi. Tangu mbwa wangu Mossy alipokufa mwezi wa kumi, nimeanza kuona jinsi siku zinavyoweza kupita bila sauti yangu kutumika. Sauti ya mwisho niliyokuwa nimeisikia ndani ya nyumba ile ilikuwa ya Jumapili saa kumi jioni, nayo ilitoka kwenye simu.

Ilikuwa ya Leandro Arrizaga. Ni fundi wa matandiko ya farasi huko Winnemucca, Nevada, mtu wa miaka themanini na moja. Miaka kumi na mmoja iliyopita niliona anwani yake nyuma ya jarida la mafundi wa ngozi, nikamwandikia swali. Nilikuwa najifunza kazi hii peke yangu, kwa vitabu vya maktaba ya Miles City, hapa Montana, na kila mkanda niliotia bitana, ile ngozi ya ndani, ulijikunja ndani kama ngozi ya bibi kizee. Sikutarajia jibu. Alipiga simu.

"Mama, unabandika mkanda ukiwa umelala kama maiti," alisema, hata kabla ya salamu. "Kiuno cha mtu ni duara. Bitana iko ndani, njia yake ni fupi. Pinda kwanza, ndipo ubandike."

Jumapili iliyofuata alipiga tena kuuliza kama imefaulu. Ilikuwa imefaulu. Hakuacha tena kupiga. Hatujawahi kuonana. Najua anavyokohoa akikaribia kusema uongo, naye anaujua mlio wa mlango wa jiko langu la kuni.

Ndani ya kifurushi mlikuwa na mikanda miwili mipana ya kodiani, ile inayopita mabegani. Nilivaa miwani nikaisogeza dirishani. Alikuwa ameichora nakshi ya ua la mbigili, lile ambalo watu wa kwao, Wabaski, hulipigilia mlangoni kuzuia mabaya. Kila petali ilikuwa imeinuliwa kama inapumua. Kati ya ua moja na jingine alichora majani ya ile miti myeupe ambayo baba yake, alipokuwa mchunga kondoo milimani, aliichonga jina lake kwa kisu. Ilikuwa kazi ya miezi. Chini kulikuwa na kipande cha pembeni cha ngozi ileile, kama alivyonifundisha: usitume kazi bila kipande cha kujaribia. Juu yake barua, herufi zikiyumba.

"Verlene, hii ni ya binti yangu Nekane. Atapiga kodiani kwenye dansi ya watu wetu kule Boise, mwezi wa pili. Mikono yangu inatetemeka sasa, na gundi haimsubiri mtu anayetetemeka. Nakshi hii sitaiweza tena, hii ndiyo ya mwisho. Tia bitana uipendayo, gundi uijuayo. Sijapaka mafuta. Utapaka wewe, mwisho."

Niliisoma mara mbili. Kisha nikafunika mikanda kwa kitambaa, nikaenda kutafuta gundi.

Nina aina tatu. Ya kwanza ni gundi ya maji, nyeupe, isiyo na harufu. Ina huruma: ukikosea, unaweza kuisogeza bitana kabla haijashika. Lakini mabega ya mpiga kodiani hutoka jasho usiku mzima wa dansi, na mimi siiamini mbele ya jasho. Tena kopo langu lilikuwa limeganda barazani mara moja, na gundi ya maji ikishaganda huwa kama maziwa yaliyokatika. Ya pili ni gundi ya mpira, nzuri kwa kushikiza kitu kwa muda tu. Ya tatu ni gundi ya mafundi viatu, ya rangi ya asali, inayoumiza kichwa. Unapaka pande zote mbili, unangoja zikauke, kisha unakutanisha. Zikigusana tu, basi. Hiyo ndiyo niliyoichagua. Kwa bitana nilitoa ngozi ya mbuzi, nyembamba na ngumu kuvutika.

Nilijaribu kwanza kwenye kile kipande, kama ninavyofanya siku zote. Nikapaka, nikangoja, nikabandika, nikagonga kwa nyundo, nikaacha mpaka kesho yake.

Asubuhi nilishika pembe ya bitana nikavuta. Ilitoka yote, safi, kama ganda la chungwa lililoiva.

Gundi ikishika sawasawa, ukivuta unararua ngozi yenyewe, nyuzinyuzi zinabaki pande zote. Hapa hapakubaki hata unyuzi. Nilidhani kopo limezeeka. Nikafungua jipya, nikarudia, nikangoja siku nyingine. Ikatoka vilevile. Ndipo nilipokiweka kipande kwenye karatasi ya kahawia karibu na jiko, upande wa ndani chini, nikaenda kuosha vyombo. Niliporudi na kukiinua, karatasi ilikuwa na doa jeusi la umbo lake.

Mafuta.

Nikaiweka mikanda yenyewe kwenye karatasi, nikiomba nisione nilichokuwa naenda kuona. Madoa mawili marefu. Ngozi ilikuwa imenyweshwa mafuta ya kwato, yale ya kulainishia ngozi, upande wa ndani, tena siyo mara moja. Mtu aliyepaka alipaka, akasahau, akapaka tena.

Kati ya yote aliyonifundisha Leandro, hilo lilitangulia. Mafuta huja mwisho. Ngozi ikishakunywa mafuta haina nafasi ya gundi. Alikuwa akinisimulia habari za mafundi waliopaka kabla, na kuwacheka kama watu waliovaa suruali kichwani. Na barua ilikuwa pale mezani: "Sijapaka mafuta."

Nilikaa. Nilikumbuka kwamba Jumapili mbili zilizopita aliniuliza, "Mossy anaendeleaje?" nami nikamwambia tena kuwa Mossy amekufa, naye akasema pole kana kwamba ni habari mpya. Nilijiambia ni uzee. Mimi pia husahau nilipoweka miwani. Sipendi kumhukumu mtu kwa jambo moja, wala kwa mawili.

Kwenye barua kulikuwa na namba ya simu ya Nekane, pamoja na anwani ya kutuma kazi ikiisha. Niliitazama. Ningempigia ningesema nini? Baba yako amepaka mafuta? Kwa mtu asiyejua ngozi hilo si neno. Kwa mtu anayejua, ni neno kubwa mno. Na mwisho wake niliuona: angemwondoa Winnemucca, angefunga karakana, na Jumapili yangu ingefungwa pamoja nayo. Sitasema uongo kwamba hilo halikuwa ndani ya mizani.

Jumapili saa kumi simu ililia.

"Bibie wa Montana! Umeshatia bitana?"

"Bado, mzee. Nimefanya ujinga."

"Ujinga gani?"

"Nilipaka mafuta kwanza."

Nikasikia kiti kikisukumwa.

"Ulipaka nini?"

"Mafuta ya kwato. Upande wa ndani. Nilikuwa nawaza mambo mengine."

"Verlene! Miaka kumi na mmoja! Mbuzi angekuwa ameelewa! Hata kondoo wa marehemu baba, na wale walikuwa wajinga hadi kunuka!" Alikuwa akicheka na kugombeza kwa pamoja, sauti yake imepata nguvu ambayo sikuwa nimeisikia tangu kiangazi. "Umepaka kiasi gani?"

"Kingi. Mara mbili, nadhani."

"Mara mbili! Anakunywa, huyu mwanamke anakunywa huko kwenye theluji. Haya, chukua kalamu."

Nilikuwa nayo tayari.

Akanieleza polepole, bila kupoteza hata neno moja. Nichukue wanga wa mahindi, nizike mikanda ndani yake, niiweke karibu na jiko, karibu tu, si juu. Wanga utayanyonya mafuta. Nipanguse, niweke mwingine, mpaka karatasi ya kahawia isipate doa. Kisha nifute kwa kitambaa chenye spiriti, nipige msasa mpaka ngozi iote manyoya kama kifaranga. Gundi ya kwanza iwe nyepesi, nisibandike nayo, niiache inywewe na ikauke kabisa. Ya pili ndiyo ya kubandikia.

"Na ukishabandika usiiamini," alisema. "Ishone. Gundi ni posa tu, uzi ndiyo ndoa."

"Nimeandika."

"Andika na hili: mafuta huja mwisho."

"Nimeandika, mzee."

Nilisikia upepo wa kwao ukisukuma bati.

"Verlene."

"Naam."

"Wewe huwa hukosei hivyo."

Niliufungua mlango wa jiko nikaufunga, ili asikie kuna kitu.

"Nimezeeka," nilisema.

"Haya," akasema. "Kazeeke vizuri." Akakohoa kidogo, akakata simu.

Wanga ulichukua siku nne. Wa kwanza ulitoka na rangi ya uji wa jana, umeshikana madonge. Wa pili ulikuwa bora. Ijumaa karatasi ilibaki safi, nikaanza. Spiriti, msasa, gundi nyepesi. Nikajaribu tena kwenye kile kipande kidogo, nikangoja usiku kucha ingawa mkono uliniwasha. Jumamosi asubuhi nilivuta bitana, ikakataa. Nikavuta kwa koleo. Ngozi yenyewe ikararuka, nyuzinyuzi zikasimama pande zote. Nilisema "Asante" kwa sauti, na mwenyewe nikashtuka kuisikia.

Nilikuwa na gogo la mwerezi, mviringo, pana kama bega la mtu. Nililifunga kwenye meza. Nikapaka mkanda wa kwanza gundi ya pili, na bitana yake pia, kwa brashi pana, kutoka katikati kwenda pembeni ili isirundikane. Kisha kungoja. Watu wengi huharibu hapa. Gundi mbichi huacha mapovu, na iliyopitiliza haishiki. Unagusa kwa mgongo wa kidole, siyo ncha, maana ncha ina jasho. Kidole kikiondoka bila kuvutwa, muda umefika, nao ni mfupi.

Ulipofika, nilikunja mkanda juu ya gogo, nakshi ikiwa nje. Kati yake na bitana niliweka karatasi ya nta, ili visigusane kabla sijataka. Nikaacha katikati wazi kwa upana wa vidole viwili, nikabonyeza hapo. Kisha nikawa navuta karatasi kidogokidogo upande mmoja, nikilaza bitana kwa kipande cha mfupa, nikifuata mzingo wa gogo. Kisha upande wa pili. Nadhani sikuvuta pumzi mara nyingi.

Mkanda wa kwanza ulitoka bila kasoro. Wa pili, karibu na bizimu, palibaki pahala pa ukubwa wa ukucha wa gumba ambapo bitana haikushika. Mafuta yalikuwa yamebaki ndani sana hapo. Nilibonyeza, nikagonga, ikainuka. Ningeweza kuibandua ningali na wakati wa kujuta, lakini kubandua kungerarua nakshi. Niliiacha. Nilishona ukingo wote kwa sindano mbili, na pale penye ukaidi nikapitisha mshono mmoja wa ziada, nikiufuata ukingo wa petali usionekane. Mikono yangu iliacha kazi saa nne za usiku.

Jumapili mikanda ilikuwa mezani, imepakwa mafuta kidogo usoni, mara moja tu. Nilikuwa nimepanga jinsi nitakavyomsimulia. Simu ililia saa tisa, si saa kumi.

"Verlene, kifurushi kimefika?"

"Kimefika, mzee," nilisema taratibu.

"Vizuri. Sasa sikiliza. Najua unajua, lakini sikiliza. Usipake mafuta kabla ya bitana."

Niliitazama mikanda.

"Sitapaka."

"Maana kuna watu hupaka! Unaamini? Watu wazima!" Akacheka kicheko kilekile cha wiki iliyopita. Kisha akasema, kama mtu anayetaja hali ya hewa, "Sufuria limeungua tena leo. Jikoni kote moshi. Sijui nani aliliweka motoni."

"Tena?"

"Lile la kwanza nilitupa. Hili nitalisugua. Mossy hajambo?"

"Hajambo," nilisema.

Baada ya hapo nilikaa mpaka jioni, chumba kikawa cha buluu. Siku zile za wanga nilikuwa nimefurahi. Nilidhani nimemhifadhia heshima yake, na pengine nilimhifadhia. Lakini nilikuwa nimemhifadhi pia kama mali yangu. Kupaka mafuta kabla ya bitana hakumchomi mtu. Sufuria huchoma, na yeye analala peke yake kwenye nyumba ya mbao.

Nilipiga namba iliyokuwa kwenye barua.

"Wewe ndiye Verlene?" Nekane alisema. Nyuma yake kulikuwa na watoto na runinga. "Baba ametuchekesha wiki nzima kwa habari zako. Ati ulipaka mafuta kwanza!"

"Si mimi niliyepaka," nilisema.

Nikamweleza yote: madoa kwenye karatasi, barua, mbwa, wanga, kisha simu ya leo na masufuria. Nilieleza kwa mpangilio, kama ninavyoeleza kazi kwa mteja. Runinga ikazimwa.

"Umejua tangu wiki iliyopita?"

"Ndiyo."

"Na hukuniambia."

"Sikukuambia."

Hakunitukana. Ingekuwa rahisi zaidi. Alisema tu, "Baba huniambia kila kitu kizuri. Kila nikipiga, kila kitu kizuri." Kisha akauliza, "Wewe huzungumza naye mara ngapi?"

"Kila Jumapili. Saa kumi."

"Kumbe ni wewe," akasema. "Saa kumi hakubali hata nimtembelee."

Alikwenda Winnemucca siku mbili baadaye. Kufikia mwisho wa mwezi baba yake alikuwa na chumba nyumbani kwake Boise, dirisha linalotazama uwanja wa majirani, na vifaa vyake kwenye sanduku chini ya kitanda, visu vikiwa vimetolewa. Dansi ilifanyika. Nekane alinitumia picha moja. Yeye amefunga macho, kodiani imefunguka kifuani, mikanda imelala mabegani bila mkunjo. Baba yake ameketi kando, kofia nyeusi kichwani, haangalii uso wa bintiye wala watu wanaocheza. Anaangalia mkanda wa kulia, karibu na bizimu, pale penye mshono wa ziada. Amekunja uso kama mtu anayetaka kuuliza swali.

Jumapili iliyofuata saa kumi nilikaa karibu na simu. Haikulia. Wala ile iliyofuata. Nilisugua gogo la mwerezi, nikapanga makopo upya, nikawasha redio nikaizima. Rollie alileta barua ya umeme akaniuliza mbona hanusi kitu. Nikamwambia niko mapumzikoni. "Mapumzikoni wapi," alisema, "hapo hapo kitini?"

Kisha Jumatano moja ya mwezi wa tatu, saa nne asubuhi, nilikuwa na mkoba wa mteja mezani, umepakwa gundi pande zote mbili, nikigusa kwa mgongo wa kidole. Kilikuwa karibu kuachia. Simu ikalia.

"Bibie wa Montana! Jumapili njema!"

"Jumapili njema, mzee," nilisema, nikakaa.

"Unafanya nini?"

"Natia bitana mkoba. Gundi ya mafundi viatu."

"Umeshabandika?"

"Naingoja ikauke."

"Usiingoje sana," alisema. "Hapo ndipo wengi wanapoharibu. Ikipitiliza haishiki. Nikueleze jinsi ya kujua?"

Niliitazama gundi. Ule mng'ao wa asali ulikuwa umeanza kufifia. Kwa muda uliobaki ningeweza kusema samahani, nikaweka simu chini, nikabandika.

"Nieleze," nilisema.

Akaanza mwanzo kabisa, kwenye kuchagua brashi.